Mwizi wa Tepe

Siku ya kwanza zilipopotea tepe nne nilisema ni upepo. Siku ya pili zilipopotea sita nilisema ni ng'ombe, maana ng'ombe hula chochote. Siku ya tatu niliacha ujinga, nikasema ni mtu. Na mimi nikishasema ni mtu, basi kila mtu akae chonjo, kwa sababu nikimshuku mtu, hata akipiga chafya naiweka kwenye ushahidi.

Kazi yangu ni kutengeneza njia za baiskeli mlimani. Watu wa mjini wanapandishwa na lifti ya kamba mpaka karibu na theluji, wao na baiskeli zao za matairi mapana, halafu wanashuka bondeni wakipiga mayowe utadhani wamemwagiwa maji baridi. Kona wanazokata, matuta wanayoruka, sisi ndio tunaowachongea. Nilikuwa nyapara wa wanaume sita, na wote sita waliniita Kamanda mbele yangu. Nyuma yangu waliniita nini sijui, na sikuuliza.

Kabla ya kushika sururu, unafunga tepe. Unautembea mteremko wote, juu chini, siku nzima, unaamua njia ipite hapa, ikunje pale, maji ya mvua yatokee kule, na kila penye uamuzi unafunga utepe kwenye tawi au kwenye kigingi, usawa wa macho. Za buluu ni za kingo. Za rangi ya chungwa ni za katikati, na hizo ndizo dereva wa kijiko anazozifuata akianza kuchimba. Sheria ni moja, na nimeirudia kwa kila mtu mpaka mama yangu ameisikia mezani mara mia: ukisimama kwenye utepe mmoja, lazima uuone unaofuata. Usipouona, simama hapo hapo. Usibahatishe. Kule kwetu kubahatisha hatua kumi ni kujikuta ukingoni mwa korongo.

Sasa kulikuwa na mtu anazifungua za chungwa tu. Nasema anazifungua, sisemi anazikata. Fundo letu ni gumu, tunalikaza kwa meno, na huyu mtu alikuwa amesimama pale akalifungua kwa kucha, taratibu, utepe ukatoka mzima. Hilo ndilo lililonitia baridi mgongoni. Mwenye hasira hukata kwa kisu akaenda zake. Huyu hakuwa na haraka. Na hakuchukua zote: anachukua mmoja, anaacha mbili tatu, anachukua mwingine. Nikajisemea, huyu ana mpango.

Jumatano Injinia wa kampuni alikuja, kijana mpole, viatu havina hata chembe ya tope. Aliutazama mstari wangu wenye mapengo, akautazama tena.

"Dada, Jumanne naleta wakubwa na kijiko cha pili," alisema. "Wakikuta mstari umekatika hivi, mimi sitakuwa na la kusema. Njia itahamia ng'ambo ya bonde. Kule wana kikosi chao."

"Hautakatika."

"Wiki hii umekatika mara tatu."

Nikageuka kukaza fundo. Ningemjibu angehama yeye.

Naomba nieleweke kwa nini tepe za plastiki zilininyima raha. Bondeni kwetu hakuna kazi nyingine. Nikiikosa ile ningeshuka mjini kwa mdogo wangu, na mama angeshuka nami. Mdogo wangu alishatamka kwa kinywa chake: "Siku mama akibaki peke yake huko juu, au akipotea hata mara moja, naja kumchukua siku hiyo hiyo." Chumba amekiandaa, ghorofa ya tano, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Mama alienda kujaribu, akakaa siku tatu, akarudi na begi halijafunguliwa. Alisema, "Mkiamua kunipeleka kule, nipelekeni na jeneza kabisa, mpunguze safari." Alicheka, lakini nilimjua. Kwa hiyo anayefungua tepe zangu alikuwa anamng'oa mama yangu nyumbani kwake, na mimi nilitaka kumjua.

Jioni hiyo nilimkuta mama anamenya viazi jikoni, redio imezimwa, paka yuko juu ya kiti changu.

"Leo ni Alhamisi?" aliuliza.

"Jumatano, mama."

"Si ndiyo nilivyosema." Akaendelea kumenya. "Umenuna nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuinua macho, ganda la kiazi likirefuka mkononi mwake mpaka likagusa sakafu.

"Hizo tepe mna roli ngapi?" aliuliza mwishoni.

"Roli thelathini, lakini si hoja."

"Basi si zipo."

"Mama, si suala la kuwepo! Kuna mtu ana nia mbaya."

"Ee, wewe tangu utoto unaona nia mbaya. Ulishawahi kumshtaki jogoo kwa baba yako." Akanipakulia supu. Ilikuwa imetiwa chumvi mara mbili, kijiko kingesimama humo chenyewe. Nikainywa huku nawaza orodha yangu ya washukiwa.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu. Ndiye dereva wa kijiko, mume wa huyo huyo mdogo wangu wa ghorofa ya tano. Wiki nzima analala kwenye kontena la vifaa, Jumamosi jioni anashuka kwake. Nikapiga hesabu: mke anamtaka mama mjini, kazi ikifa, mama anashuka, na nani anajua kwamba za chungwa ndizo zenye uzito kuliko za buluu? Dereva. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipolipata hilo niliona raha kabisa, Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kontenani anatia grisi.

"Shemeji, nataka nikuulize kitu, usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Mifukoni mwako kuna nini?"

Aliweka chini bomba la grisi. Ni mtu mkubwa, akisimama kontena linakuwa dogo. Akageuza mifuko yote miwili nje: spana, kipande cha biskuti, tiketi ya basi.

"Umeridhika? Au nivue na soksi?"

"Mke wako anataka mama ashuke."

"Mke wangu anataka mengi. Anataka na mimi nipungue tumbo." Hakucheka. "Kijiko changu kikikosa kazi, nitakula nini, shemeji? Utepe?"

Nilitaka kumwamini, lakini nimeumbwa vibaya: mtu akinijibu vizuri ndipo namshuku zaidi. Nilimwambia nitamwangalia. Alisema niangalie vizuri, asije akaiba na mlima. Jioni simu ya mdogo wangu ikaita. "Umempekua mume wangu kama mwizi wa kuku?" Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akanikatia.

Ijumaa zilipotea tano, na shemeji alikuwa mbele ya macho yangu tangu alfajiri. Basi nikahamia kwa mshukiwa wa pili, ambaye kusema kweli alipaswa kuwa wa kwanza.

Mzee Hapana ni jirani yetu. Jina lake la kweli liko kwenye karatasi tu. Kwenye mkutano wa lifti ya kamba alisema hapana. Kwenye mkutano wa njia za baiskeli alisema hapana, akakaa, akasimama tena akasema hapana kwa wale waliokuwa nje wanavuta sigara. Ukimuuliza kama atakunywa chai anasema hapana, halafu anainywa. Ana ng'ombe kumi na mmoja, na kampuni ilikuwa imemruhusu kuwalisha kwenye mteremko ule ule tunaochimba. Ameachwa na mke miaka mingi. Tulisema bondeni kwamba siku ya harusi aliulizwa mbele ya watu akasema hapana, na watu wakadhani ni utani.

Jumamosi saa nne asubuhi nikaenda. Lango lake liko pale njia ya zamani ya mlimani inapogawanyika: ya kushoto inashuka nyumbani kwetu, ya kulia inakwenda kwenye nyasi nzuri, tambarare, mita mia hivi, halafu hakuna nyasi tena, ni korongo. Nilimkuta anagonga msumari kwenye uzio. Na kwenye nguzo ya lango, upande wa kushoto, utepe wa chungwa.

Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Huu utepe ni wa nani?"

Aliutazama utepe. Akaitazama njia inayopanda juu. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, nyundo mkononi.

"Wewe ndiye unayefungua tepe zangu?" nikasema. "Nijibu!"

"Ndiyo," alisema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kusema ndiyo hata kwa chai, leo ameisema kwa swali la kumtia matatani, na mimi sikujiuliza kulikoni. Hasira haina masikio. Nilimwambia maneno ambayo mama angeyasikia angenichapa na mwiko, kwa umri wangu huu. Nilimwita mchawi wa kazi za watu. Nilimwambia anataka tufe njaa sote ili ng'ombe wake wapate kivuli. Hakujitetea. Niliung'oa ule utepe kwenye nguzo, nikautia mfuko wa koti.

"Huo uache," alisema.

"Niache ushahidi?"

"Huo mmoja tu. Uache hapo." Alinyoosha mkono. Nikadhani anataka kuficha wizi wake.

Nikacheka. Nikaondoka huku nikicheka kwa sauti, ili asikie.

Injinia nilimpigia saa hiyo hiyo. Hakuchelewa: ng'ombe wa Mzee Hapana wasionekane mteremkoni kuanzia Jumatatu. Kikosi changu kikashangilia, tukafunga tepe upya mchana mzima, mstari ukawaka kutoka juu mpaka chini. Shemeji peke yake ndiye hakushangilia.

"Mzee Hapana kasema ndiyo?" aliniuliza. "Una hakika?"

"Kwa masikio yangu."

"Mh," alisema, akapanda kwenye kijiko chake.

Jumapili huwa ni zamu yangu ya ng'ombe wetu, ili mama apumzike. Kiangazi chote ng'ombe wetu wawili wanalala banda la juu, na siku nyingine zote mama anapanda saa kumi na mbili asubuhi kuwakamua, anashuka saa mbili na ndoo yake ndogo ya maziwa. Njia hiyo ameipita miaka hamsini. Nilikamua mimi, nikashuka kwa njia yetu mpya nikikagua kazi, nikalala mchana kwa amani ambayo sikustahili.

Jumatatu, saa moja asubuhi, zilikuwa hazipo tepe tano.

Nilizihesabu mara mbili. Nikamwita shemeji naye akahesabu. Kwenye tawi moja, pale utepe ulipofunguliwa, umande ulikuwa umefutika. Mtu alikuwa amepita si zaidi ya saa moja.

"Mzee Hapana," nilisema, na meno yamekazana.

"Haiwezekani," alisema shemeji. "Jana jioni nilimkuta njiani anashuka na ng'ombe wake wote kumi na mmoja. Anakwenda kutafuta malisho ya kukodi bonde la chini. Hajarudi."

Nilikaa juu ya jiwe. Kama si yeye, kwa nini alisema ndiyo? Mtu hajitwishi mzigo wa mwizi bure. Nikaona sasa ni genge zima: mmoja anafungua, mwingine anakiri, wa tatu yuko ng'ambo anasubiri kazi yangu. Nikamtazama hata shemeji upya. Wakati nawaza hayo, ukungu ukashuka. Kwetu ukungu haubishi hodi. Unaona msonobari, unapepesa macho, huuoni. Kijiko hakifanyi kazi kwenye ukungu. Nikawaambia wanaume waingie kontenani, nikasema nakwenda kukagua.

Sikuwa nakwenda kukagua. Nilikuwa nakwenda kupekua kwa Mzee Hapana akiwa hayupo.

Nilikata kuelekea njia ya zamani, ambayo nilikuwa siipiti tena siku hizi, na kabla sijafika nikaona chungwa kwenye ukungu. Utepe wangu, umefungwa kwenye msonobari ambao haumo kabisa kwenye mstari wangu. Nikasogea. Umefungwa chini, usawa wa kifua changu, fundo laini la kitanzi. Nikainua macho, na mbele yake, kwenye kichaka, nikaona mwingine.

Ebo! Mwizi anachora njia yake!

Nikafikiri nimewakamata. Kikosi cha ng'ambo kinapima mstari wao kwa tepe zangu, kwenye mlima wangu. Nikaufuata kwa hasira. Kutoka wa pili nikauona wa tatu. Kutoka wa tatu, wa nne, umefungwa upande wa nje wa tawi ili usifichwe na majani. Kwenye kona ameweka mbili. Penye mzizi unaokwaza amefunga mmoja kwenye mzizi wenyewe. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona ncha za viatu vyangu, na bado kutoka kila utepe niliuona unaofuata. Nikajikuta nasema peke yangu, "Huyu anajua kazi." Watu wangu sita hawafungi vizuri hivyo. Nikawa najiuliza nani amemfundisha.

Kisha nikaona mstari huu hauna kona za baiskeli. Hauna mahali pa kuruka wala pa kukata mwendo. Unashuka polepole, unazunguka mawe, unapumzika penye gogo la kukalia. Ni mstari wa mtu anayetembea kwa miguu, mtu mfupi, mwenye goti bovu, na ulikuwa unatoka banda la juu.

Miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa. Nilianza kukimbia.

Utepe wa mwisho ulikuwa kwenye jiwe kubwa juu ya lango la Mzee Hapana. Nikasimama pale, nikatazama mbele kutafuta unaofuata, na haukuwepo. Palikuwa na ukungu mtupu, na njia mbili.

"Mama!"

"Usipige kelele," sauti ikajibu. "Niko hapa."

Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye jiwe, ameshika uzio kwa mkono mmoja na ndoo ya maziwa kwa mkono mwingine. Ndoo hakuiweka chini. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kinadondosha maji, midomo imekuwa ya buluu. Ilikuwa saa nne kasoro. Alikuwa hapo tangu saa mbili.

"Mama, kwa nini umesimama hapa?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la kijinga.

"Si wewe uliyesema? Usipouona wa mbele, simama. Usibahatishe." Kisha akashusha sauti, akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu anatusikiliza. "Utepe wa hapa umeibiwa. Nakwambia kuna mwizi. Ulikuwa pale langoni, nimeufunga mwenyewe, na yule mzee huwa anakuwepo hapo anakohoa ili nimsikie. Leo hayupo na utepe haupo. Nimejaribu kukumbuka ni kushoto au kulia." Akatazama njia zote mbili. "Miaka hamsini, mwanangu. Nimejaribu kukumbuka."

Nilitia mkono mfukoni mwa koti. Ulikuwa humo humo, umejikunja, tangu Jumamosi. Nilijichukia, na sitalipamba neno hilo. Nilijichukia kama ninavyowachukia watu wengine.

"Huo hapo!" mama alisema nilipoutoa. "Umeupata wapi?"

"Nimemnyang'anya mwizi."

"Ni nani?"

"Ni mpumbavu mmoja, mama. Ana hasira nyingi, na akili kidogo."

"Mwambie asirudie. Mtu anaweza kufa hapa."

"Hatarudia."

Nilikwenda langoni, nikaufunga kwenye nguzo ya kushoto. Niliporudi mama aliniachia ndoo, jambo ambalo hajawahi kufanya. Tulishuka, mkono wake kwenye kiwiko changu. Karibu na nyumbani alisimama.

"Sikuchukua zote," alisema. "Nilikuachia, muione njia yenu. Za buluu siku hizi sizioni, ndiyo maana. Na yule mzee nilimwapisha. Nilimwambia akitoboa siri, watanipeleka kwenye ule ukuta." Akavuta pumzi. "Utamwambia mdogo wako?"

Nilimwambia hapana. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

Usiku sikula. Njia nilizozihesabu zilikuwa mbili. Nikinyamaza, Mzee Hapana atabaki mwizi, na ng'ombe wake watakonda bonde la chini kwa ajili ya mdomo wangu. Nikisema kweli, shemeji atasikia, mdogo wangu atasikia, na Jumamosi gari litakuwa mlangoni. Mdogo wangu si mtu mbaya. Anampenda mama kwa namna yake ya kumfungia mahali salama.

Jumanne wakubwa walikuja, wanne, na kijiko cha pili nyuma yao. Mstari ulikuwa umekamilika. Nilikuwa nimeuziba alfajiri kwa roli mpya. Nilisubiri Injinia amalize kuwaonyesha, nikamwita pembeni, na shemeji akiwepo.

"Mzee Hapana hakugusa kitu," nilisema. "Ni mimi. Mstari wangu ulikuwa na makosa, nikawa nafungua mwenyewe na kuurekebisha kimya kimya. Nilipoona mmejua, nikamsingizia mzee wa watu."

Injinia alinikodolea macho. "Wewe?"

"Ndiyo."

"Na kwa nini yeye alikiri?"

"Muulize. Labda alichoka kusema hapana."

Hakucheka mtu. Shemeji alikuwa ananitazama kutoka juu mpaka chini.

"Shemeji," alisema polepole, "mimi nimekufuata miaka minne. Wewe hujawahi kukosea mstari."

"Nimekosea."

"Mh," alisema.

Mzee akarudishiwa malisho yake siku hiyo hiyo. Mimi unyapara nikavuliwa siku hiyo hiyo pia, akapewa shemeji. Hawakunifukuza, kwa sababu mstari ulikuwa mzuri na wakubwa waliusifu, lakini nilipewa reki nisawazishe changarawe nyuma ya kijiko, kazi ya anayeanza. Mwenye reki hana mtu wa kumsimamia, anaanza saa tatu asubuhi, anatoka saa saba mchana. Hilo la saa tatu ndilo nililolitaka. Saa kumi na mbili napanda na mama. Nimemwambia kwamba daktari kaniagiza nitembee. Anajua naongopa. Roli moja ya chungwa iko kwenye kabati la jikoni, kando ya chumvi, na hakuna anayeuliza imefikaje. Chumvi naitia mimi.

Wanaume sita hawaniiti tena Kamanda. Nikipita karibu na tepe wanakohoa, wanahesabu kwa vidole, mmoja huweka mkono mfukoni kama analinda pochi. Ni haki yao. Shemeji hawakemei wala hashiriki. Asubuhi moja nilimkuta amesimama kwenye njia ya zamani, mbele ya utepe wa chini, usawa wa kifua. Aliuangalia, akaangalia unaofuata, akarudi kwenye kijiko chake bila neno. Mdogo wangu hajapiga simu kuuliza chochote. Kila simu ikiita, natazama kwanza jina kabla ya kupokea.

Kwa Mzee Hapana nilichelewa kwenda wiki nzima, kwa aibu. Nilipokwenda alikuwa amerudi, ng'ombe wote wako ndani ya uzio, naye ameegemea lango anakohoa. Utepe ulikuwa kwenye nguzo ya kushoto, lakini si pale nilipoufunga. Mimi niliufunga usawa wa macho yangu, kwa mazoea. Mtu alikuwa ameushusha chini, kiasi cha mama kuugusa bila kuinua mkono.

"Mzee wangu, umeushusha wewe?"

"Hapana."

"Ulijua tangu lini kwamba mama anapotea?"

"Sijui kitu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, nikaiacha. Nikasimama na ndoo ya maziwa ambayo mama alinipa nimpelekee.

"Nilikutukana, na wewe ulikuwa unamlinda mama yangu," nilisema. "Utanisamehe?"

"Hapana," alisema, akanifungulia lango.